Tupeane uzoefu: Medicaid (bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo) wanahesabuje mshahara wako, na nani ni mtu wa nyumbani kwako?

Mama Wawili, Louisville
Wapendwa, habari za huko mliko. Naanza mimi.

Tuko wanne: mume wangu, mimi na watoto wawili. Mwaka 2025 mume alipata zamu za ziada ghalani, mwezi mmoja tukafikisha dola 4,100. Nikatoa taarifa, barua ikaja: bima ya wazazi inakoma. Kikomo cha kipato cha watu wanne hapa Kentucky mwaka huo kilikuwa dola 3,697 kwa mwezi, kabla ya kodi. Watoto walibaki kwa kuwa kikomo chao kiko juu zaidi.

Kilichoniuma ni hiki. Dola 400 katika hizo zilikwenda Kigoma kwa mama mkwe, anayeumwa figo. Hazikupunguzwa hata senti. Na yeye mwenyewe, ambaye tangu niolewe sijala chakula bila kujua kama amekula, kwenye hesabu ya kaya hayumo, maana haishi Marekani. Nililia na barua mkononi.

Zamu zilipokwisha niliomba upya kwa karatasi za mshahara za mwezi ule ule. Medicaid hutazama kipato cha mwezi unaoomba, si cha mwaka mzima. Tukarudi. Ninyi je?

Dada wa Minneapolis
Pole sana dada. Mimi hesabu ya vichwa ilinibeba. Nilidhani tumezidi, nikakaa miezi mitatu ya ujauzito bila kliniki. Kumbe mjamzito huhesabiwa pamoja na aliye tumboni, nami nilikuwa na mapacha, basi nikawa watu watatu! Tena wajawazito wana kikomo chao cha juu. Msijikatie tamaa kabla ya kuomba.

Msafiri, Houston
Huku Texas ni habari nyingine. Mtu mzima wa chini ya miaka 65 asiye na mtoto, asiye mlemavu wala mjamzito, kwa kawaida hata asipopata kitu hapati Medicaid. Jimbo halikukubali kupanua mpango uwafikie watu wazima kama sisi. Ninatibiwa sukari kwenye kituo cha afya cha jamii, wanalipisha kulingana na kipato. Peleka karatasi za mshahara siku ya kwanza.

Binti wa Chama, Seattle
Wenye wazazi wazee, naomba msome hapa polepole. Mamangu ana miaka 71, Medicaid yake inakwenda pamoja na SSI, ile posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo. Kwa nyinyi vijana hawaulizi akiba. Kwake wanauliza: isizidi dola 2,000, na wanatazama salio la tarehe mosi ya mwezi.

Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Tarehe mosi alikuwa na dola 3,400 za mwenzake aliyefikiwa na zamu ya kupokea mchango. Barua ikasema ana mali kupita kiasi. Mwanamke ambaye hata koti la baridi alinunuliwa! Aliona aibu kama aliyeshikwa akiiba, akaacha kwenda kanisani majuma mawili.

Tulikata rufaa kwa daftari la chama na barua za wanachama kumi na mmoja, kila mmoja akieleza pesa ni za nani. Ilikubaliwa. Siku hiyo hiyo tulifungua akaunti ya chama. Tafadhali msiweke pesa za kikundi kwenye akaunti ya mzee.

Baba Furaha, Columbus
Asante mama kwa kufungua mada. Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tulipata Medicaid tangu kufika, bila kungoja ile miaka mitano ambayo wahamiaji wengi wengine hungoja. Lakini sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inabadilisha: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, watu wazima wengi wenye hadhi ya ukimbizi tu hawamo tena, hata kipato kiwe kidogo namna gani. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani kudumu, aliyeingia kama mkimbizi anabaki. Mkimbizi akitimiza mwaka mmoja hapa anaruhusiwa kuiomba kadi hiyo. Ndugu zangu wawili hawajajaza fomu, Jumamosi nawafuata nyumbani. Kuna mwingine hapa Columbus anayehitaji kusindikizwa?