Naombeni ushauri: nitie sahihi barua ya kuitaka serikali ipige marufuku makufuli ya kampuni za simu?

Fundi wa Makoroboi:

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa simu jijini Mwanza, na kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na minne, tangu enzi za simu za vitufe ambazo mfuniko wake ulifunguka kwa ukucha na betri ikadondokea kiganjani. Kuna jambo linalonikosesha raha tangu wiki iliyopita, nami ningependa kusikia mawazo yenu kabla ya Jumamosi.

Mwezi uliopita muuguzi mmoja aliniletea simu iliyopasuka kioo. Ni simu ya bei, na kioo kipya sikukipata hapa mjini, kwa hiyo nilikitoa kwenye simu nyingine ya toleo lile lile ambayo bodi yake ilikufa kwa kuingia maji. Kilikuwa kioo cha kiwandani, si fotokopi. Nilipokifunga, simu iliwaka vizuri, lakini papo hapo ikaandika kwamba imewekewa sehemu isiyotambulika, na mwanga wake ukaacha kujirekebisha wenyewe. Mteja akaamini kwamba nimemuuzia kitu bandia. Nilimweleza kwamba kila kioo cha simu ile kina namba yake, kwamba kampuni huioanisha namba hiyo na bodi, na kwamba programu ya kuoanisha upya hapewi fundi wa mtaani kama mimi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akadai fedha zake. Nilimrudishia gharama ya ufundi, na kioo nikamwachia.

Wenzangu, ambao wengi wamepatwa na mambo ya namna hiyo, wameandika barua kwa mbunge wetu na kwa wizara, wakiitaka serikali ipige marufuku makufuli yote ambayo kampuni za teknolojia huyaweka kwenye vifaa vyao, yaani programu zinazozuia kifaa au sehemu yake isitumike bila ruhusa. Sahihi zinakusanywa Jumamosi. Ningekuwa na hasira tu, ningetia sahihi bila hata kusoma. Lakini mimi huyu huyu nawakumbuka vijana waliokuwa wakija magharibi, mmoja akiwa na simu tatu mfukoni, na kila moja akisema amesahau namba ya siri na anaomba aflashiwe. Siku hizi wanakuja wachache, kwa sababu simu iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe haina faida ila ya spea. Je, nitie sahihi, nikatae, au nidai barua ibadilishwe? Na kama ni kubadilishwa, iseme nini?

Mama wa Igoma:

Pole, fundi. Mwanangu aliporwa simu pale Buzuruga, na siku ya nne mtu aliyekuwa ameinunua akaipiga namba iliyotokea kwenye kioo kilichofungwa, akairudisha kwa sababu haikumfaa kitu. Ukilitia sahihi neno "yote", utakuwa umetia sahihi dhidi yangu.

Msukuma wa Hamburg:

Kaka fundi, nakuandikia kutoka Ujerumani, ambako nafanya kazi katika karakana ya kutengeneza vifaa vya umeme. Huku serikali zimekwisha kuingia jikoni mwa kampuni hizi, kwa hiyo swali la kama ziingie au zisiingie limepitwa; watu sasa wanabishana ziingie hadi chumba gani. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya na kuchajiwa kwa waya zinatakiwa ziwe na tundu la USB-C. Tangu tarehe 20 Juni 2025 mtengenezaji wa simu anatakiwa aendelee kuuza spea muhimu kwa miaka 7 baada ya toleo hilo kuondoka sokoni. Kabla ya hapo nilikuwa nasubiri kioo kwa majuma, kama wewe.

Kuhusu kisa chako hasa, sheria inayokigusa moja kwa moja haiko Ulaya bali Marekani, katika jimbo la Oregon. Ilitiwa sahihi Machi 2024, ikaanza kutumika 2025. Inaikataza kampuni kutumia uoanishaji wa spea ili kuizuia spea isifanye kazi, au kukipunguzia kifaa uwezo, au kumtolea mteja ujumbe wa kumpotosha kuhusu spea hiyo. Soma tena mambo hayo halafu ukumbuke mwanga wa simu ya yule muuguzi na maandishi aliyoyaona. Wenzako wanatafuta maneno, na maneno yamekwisha kuandikwa.

Hata hivyo, usidhani kwamba sheria ikipita kazi imekwisha. Kwa Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, Apple ililazimika Machi 2024 kuruhusu maduka mengine ya programu kwenye iPhone za huku. Iliruhusu, lakini ikaweka ada: msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, aliyeyakubali masharti mapya alipaswa kulipa nusu ya yuro kwa kila usakinishaji wa kwanza wa mwaka uliozidi milioni moja. Aprili 2025 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 500, kwa sababu ilikuwa inawazuia wasanidi kuwaelekeza wateja kwenye bei nafuu nje ya duka lake. Brussels, yalipo makao ya Tume hiyo, ina wanasheria na wahandisi wa kutosha kuvutana miaka na kampuni ya namna hiyo. Barua yenu iseme pia ni ofisi gani itakayofanya kazi hiyo Tanzania, na kwa fungu gani.

Duka Dogo Kariakoo:

Nawaheshimu wote, ila mnazungumza kama kwamba wateja wetu wananunua simu mpya kutoka kwa mtengenezaji. Mzigo wangu mwingi ni simu zilizotumika zinazotoka Dubai, na muuzaji wa kule hana ofisi hapa wala hajui Oregon iko wapi. Mtambana nani? Mtakayembana ni mimi, maana mimi ndiye mwenye fremu na leseni. Tena kampuni kubwa zikiona soko dogo lina masharti mengi, zitatuletea simu chache kwa bei ya juu.

Msukuma wa Hamburg:

Ndugu wa Kariakoo, hoja ya Dubai nakupa, nayo ni nzito. Ile ya soko dogo sikupi yote. Programu ya kuoanisha na miongozo ya ufundi imekwisha kutengenezwa kwa ajili ya masoko makubwa. Kumruhusu fundi wa Mwanza aitumie hakuhitaji kiwanda kipya. Simu iliyotumika nayo inaingia humo humo, kwa sababu ruhusa inatoka kwenye seva ya kampuni, popote simu ilipouzwa mara ya kwanza.

Mwalimu wa Likoni:

Fundi, salamu kutoka Mombasa. Naomba nikutie wasiwasi wa upande wa pili, ambao naona hakuna aliyeugusa. Tarehe 30 Septemba 2012 simu zilizohesabiwa kuwa bandia zilizimwa hapa Kenya, na tarehe 16 Juni 2016 kwenu zikazimwa vilevile. Bila shaka unazikumbuka siku zile za kubonyeza *#06# na kuituma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, kwenda 15090. Waliopoteza simu walizinunua madukani mchana kweupe, kwa fedha halali, na hasara ikabaki mfukoni mwao. Hapa kwetu, tangu tarehe 1 Januari 2025, namba za IMEI za simu zinazoingia nchini zimefungamanishwa na kodi. Sisemi kwamba sababu za serikali hazina maana. Nasema kwamba serikali unayoiomba ivunje kufuli la kampuni nayo ina kufuli lake, na ikialikwa nyumbani haitaki kukaa sebuleni tu.

Tena hata lile kufuli la wizi linalosifiwa na Mama wa Igoma halikutokana na wema wa kampuni peke yake. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2014, na kuanzia tarehe 1 Julai 2015 simu janja mpya zilizotengenezwa baada ya tarehe hiyo hazikuruhusiwa kuuzwa humo bila njia ya mwenyewe kuizima simu yake ikiibiwa. Kwa hiyo serikali zinajua kuamuru kufuli lifungwe na zinajua kuamuru lifunguliwe. Mimi ningependa barua yenu iulize ufunguo anakabidhiwa nani. Akikabidhiwa mwenye simu, nitie sahihi na mimi, ingawa si raia wenu. Ikikabidhiwa wizara, nitafuteni siku nyingine.

Wakala Mstaafu:

Mmesahau kufuli lililo karibu zaidi na maskini, nalo ni la simu za mkopo. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka miwili katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Mteja akichelewa kulipa, simu inajifunga yenyewe, na kuifuta na kuiwasha upya hakusaidii kitu. Hilo amelikubali kwenye mkataba, hata kama hakuusoma. Kilichoniumiza ni dereva wa bodaboda aliyemaliza deni lote na simu ikaendelea kujifunga kwa wiki tatu kwa sababu malipo yake ya mwisho hayakuwa yameingizwa kwenye mfumo. Alikuja kwangu kila asubuhi, na mimi wakala sikuwa na kitufe cha kubonyeza. Nilichokuwa nacho ni namba ya huduma kwa wateja ile ile aliyokuwa nayo yeye.

Mama wa Igoma:

Fundi, nina swali, na usinichukie. Kile kioo ulichokitoa kwenye simu iliyokufa, ulijuaje kwamba si cha wizi? Kama kila fundi ataruhusiwa kuoanisha kioo chochote, si ndiyo wezi watapata soko jipya la kuuza simu vipande vipande?

Fundi wa Makoroboi:

Mama, sikuchukii, hilo ndilo swali nililolikwepa. Simu ile niliinunua kwa mtu ninayemfahamu, na nina daftari ninaloandika jina la muuzaji na IMEI. Lakini nakiri kwamba daftari ni langu mwenyewe na hakuna anayelikagua, na ninawajua wenzangu wasio na daftari.

Msukuma wa Hamburg:

Hapo ndipo teknolojia inaweza kusaidia badala ya kukomoa. Sijui simu ya yule muuguzi ni ya kampuni gani, wala sikuulizi, lakini Apple ilitangaza Aprili 2024 kwamba itaanza kukubali baadhi ya spea zilizotumika kwenye iPhone za matoleo kadhaa, na kwamba kufuli la wizi litaifuata hata spea: ikiwa imetoka kwenye simu iliyofungwa na mwenyewe, haitaoanishwa kikamilifu. Maana yake ni kwamba mtambo unaweza kuuliza "je, imeibiwa?" bila kuuliza "je, imewekwa na fundi wetu?" Kwa muda mrefu maswali hayo mawili yalifungwa kwenye kufuli moja, na kampuni ikajibu kila lawama kwa kuutaja usalama.

Wakili wa Kinondoni:

Ndugu fundi, nakushauri usiitie sahihi barua kama ilivyo, na wala usiikatae. Kwanza, mpelekeeni nakala Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mteja, na maandishi yanayokiita kioo cha kiwandani sehemu isiyotambulika ni jambo linaloweza kujadiliwa chini yake. Sikuahidi ushindi. Kampuni itasema kwamba "isiyotambulika" si sawa na "bandia", na kwa kamusi itakuwa sahihi, lakini mteja wako hakusoma kwa kamusi.

Pili, dai la kuelezwa ukweli huwa jepesi kushinda kuliko dai la kubadilisha mtambo. Mwishoni mwa 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yanapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizimike ghafla. Ufaransa ilipoitoza faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020, kosa lililotajwa lilikuwa kutowaarifu wateja, na fedha zililipwa bila mtu kulazimika kuthibitisha kwamba mbinu yenyewe ni mbaya. Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi kwa maandishi: ibara ya 46 ya Katiba yao inampa mlaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili afaidi bidhaa kikamilifu. Muuguzi wako angeambiwa siku ya kununua kwamba kioo kikipasuka kitaoanishwa na kampuni peke yake, huenda angechagua simu nyingine.

Na lile neno "yote", ndugu yangu, lifuteni kabla wino haujakauka.

Fundi wa Makoroboi:

Nawashukuru wote, na zaidi Mama wa Igoma kwa kunibana. Nimekaa na kalamu usiku huu, na aya nitakayoipeleka Jumamosi ni hii:

"Tunaomba kampuni inayouza simu nchini ilazimike kumpa mwenye simu, au fundi aliyechaguliwa naye, njia ya kuoanisha spea ambayo haikuripotiwa kuibiwa, isiandike kwenye kioo maneno yanayomfanya mteja adhani ametapeliwa, imweleze mnunuzi kabla hajalipa ni sehemu zipi zilizofungwa na kwa nani, na simu ya mkopo iliyomalizwa kulipwa ifunguliwe siku hiyo hiyo. Kufuli la wizi libaki, na ufunguo wake awe nao mwenye simu, si kampuni wala ofisi yoyote ya umma isiyo na amri ya mahakama."

Nimeongeza pia kwamba sisi mafundi tukubali kuandika IMEI ya kila simu tunayoinunua kwa spea, katika daftari linaloweza kukaguliwa. Najua aya hiyo ndiyo itakayoleta ugomvi, kwa sababu mmoja wa wakubwa wetu anaishi kwa kufungua simu asizouliza zimetoka wapi, na ndiye mwenye kalamu ya kukusanyia sahihi. Wakili, kama una nafasi, naomba unitazamie maneno ya mwisho kuhusu amri ya mahakama kabla ya Ijumaa jioni.