Kaoru ni "he" au "she"? Nimeumbuka

Mtafsiri_wa_Usiku:
Wakuu, nimekalia kuti kavu. Ofisi moja ilinipa barua ya shukrani niitafsiri kwa Kiingereza, kurasa nne, zote zinamsifu mhandisi wa Kijapani aitwaye Kaoru. Kwenye Kiswahili hakukuwa na shida: alikuja, akatufundisha, akaondoka. Hiyo "a-" yetu haimwulizi mtu jinsia. Kiingereza kikanidai jibu, nami nikaweka "he" mwanzo mpaka mwisho. Nimehesabu, mara 31. Jana barua imerudi na mstari mmoja tu: "Kaoru ni mama wa watoto wawili."

Mnafanyaje mkikutana na majina haya? Na "-san", ile heshima wanayoibandika mwisho wa jina, naibakiza au naiondoa?

Bibi_Kamusi:
Pole, mwanangu. Hata mimi yalinikuta, ila yangu yalikuwa kwa Makoto, na nilimwita "she".

Kaoru, Makoto, Hikaru, Jun, yote hayo wanapewa wa kike na wa kiume. Watakuja hapa wa kukwambia utazame mwisho wa jina: "-ko" mwanamke, "-o" mwanamume. Kwa Yoko na Haruo utapona, lakini usiiapie kanuni hiyo. Ono no Imoko, mjumbe wa Japani aliyekwenda China mwaka 607, alikuwa mwanamume na "-ko" yake.

Mimi huuliza. Nikikosa wa kumwuliza, narudia jina: "Kaoru trained the team, and Kaoru's notes are still in use." Sentensi inakuwa nzito kidogo, sawa, lakini hakuna anayetukanwa. "He/she" yenye mkwaju katikati siitaki kabisa, humgeuza mtu kuwa fomu ya kujazwa.

Herufi_Kubwa:
Mkuu, kabla ya "he" na "she": kwa nini barua rasmi inamwita Kaoru mtupu? Japani watu wa kazini huitana kwa jina la ukoo pamoja na "-san". Jina la kupewa ni la nyumbani na marafiki. La ukoo hukuwa nalo?

Mtafsiri_wa_Usiku:
Nilikuwa nalo. Sato. Nililiondoa mwenyewe, nikaona "Kaoru" ndiyo inaonyesha upendo.

Herufi_Kubwa:
😂 Basi lirudishe. "Ms Sato" au "Sato-san", chagua moja, usirundike zote mbili. Na "-san" ni heshima ya kumpa mwenzako, mtu hajipachiki mwenyewe.

Mpangilio nao una mtego. Tangu tarehe 1 Januari 2020 serikali ya Japani hutanguliza jina la ukoo katika hati zake za Kiingereza, na pakihitajika kutofautisha, la ukoo huandikwa kwa herufi kubwa: SATO Kaoru. Ila Wajapani wengi wakiandika Kiingereza bado hugeuza, Kaoru Sato. Tazama yeye anavyosaini, umfuate.

Bibi_Kamusi:
Nichomekee jambo, maana nalipenda. Mkikuta Ken'ichi, msiitupe ile ritifaa ('). Hiyo "n" inasimama peke yake kama ya "nchi" yetu: Ke-n-i-chi, mapigo manne. Ukiiondoa, msomaji anasoma Ke-ni-chi. Pasipoti zao haziiweki, wala haziweki mstari juu ya vokali ndefu, kwa hiyo Yuko wa kwenye pasipoti anaweza kuwa Yūko, na hayo ni majina mawili. Mwingereza hasikii tofauti, sisi tunaisikia.

Mtafsiri_wa_Usiku:
Asanteni. Nimeanza upya: "Ms Sato" aya ya kwanza, kisha "she". Nilitumia kitufe cha kubadilisha yote kwa mpigo, kikaniletea "tshe" kila palipokuwa na "the". Sasa naenda neno kwa neno, niko ukurasa wa pili.

Bibi_Kamusi:
Na "his" je?

Mtafsiri_wa_Usiku:
Lo. Narudi ukurasa wa kwanza.