Damu 9.8, nyama nyekundu siili na vidonge vimenishinda: nipandishe vipi kwa chakula cha hapahapa Pemba?

mwalimu_wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mnisaidie mawazo, hasa mlio kwenye fani ya afya na akina mama mliowahi kupita njia hii.

Mie ni mwalimu wa skuli ya msingi, nna miaka 34, mama wa watoto watatu, sina mimba. Kwa muda sasa nikipanda ngazi moyo unanidunda, nikisimama ubaoni kipindi kizima macho yanaingia kiza, nywele zinakatika. Nimepima wingi wa damu (himoglobini), nimeambiwa ni 9.8 na madini chuma yamepungua. Nikaandikiwa vidonge na kuambiwa nile maini na nyama ya ng'ombe.

Nyama nyekundu siili tangu utotoni, harufu yake tu inanitapisha. Vidonge nilivianza, tumbo likasokota na choo kikawa kigumu mpaka nikawa naogopa kwenda msalani. Nimeviacha.

Chakula changu ni hivi: asubuhi chai ya rangi na boflo au mandazi. Mchana wali na samaki, mara nyingi na mchicha au kisamvu cha nazi, na nikishakula lazima chai, bila hiyo sijisikii kama nimekula. Usiku chai tena na kilichobaki. Kuku, pweza, dagaa, mayai, vyote nakula. Siku zangu ni nzito, zinafika wiki nzima. Mwisho wa wiki nateremka bondeni kumsaidia mama mpunga.

Kuna mtu amepandisha damu kwa chakula tu? Na inachukua muda gani? Nitashukuru sana.

ukhti_mkoani

Waalaykumu ssalaam, pole sana mwalimu. Mie nilipojifungua nilipewa maji ya rozela na bitiruti kila siku. Chemsha rozela, tia sukari kidogo, kunywa glasi asubuhi na jioni pamoja na chakula. Wengi hapa kwetu wanatumia.

muuguzi_chake

Waalaykumu ssalaam mwalimu. Nafanya kazi wodi ya wazazi, kwa hiyo suala lako naliona kila wiki, na nakuomba unisome mpaka mwisho.

Kabla ya jikoni, jiulize damu inakwenda wapi. Mwanamke asiye na mimba huhesabiwa ana upungufu akiwa chini ya 12, kwa hiyo 9.8 si kidogo. Mwili haupotezi madini chuma ovyo, unayatumia tena na tena kutoka kwenye chembe kuukuu za damu. Ukiona yameisha kwa mtu mzima anayekula samaki na mboga kila siku, mara nyingi kuna tundu mahali. Kwenye maelezo yako mie naona mawili.

La kwanza ni hedhi. Wiki nzima nzito ni damu nyingi. Kama unabadilisha pedi kila saa, au yanatoka mabonge, nenda ukafanyiwe ultrasaundi uangaliwe kama una uvimbe kwenye kizazi. Kuna dawa za kupunguza damu ya hedhi, usiichukulie ni desturi ya wanawake tu.

La pili ni bonde la mpunga. Ukiingia peku kwenye tope, minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu, ikaenda kukaa kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo kila siku. Kichocho nacho kinapatikana kwenye maji yasiyo ya chumvi ya mabonde na vijito vyetu, na kinatoa damu kwenye mkojo bila wewe kuiona kwa macho. Pemba ni mahali palipofanyiwa tafiti nyingi za minyoo na kichocho, maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi ipo kwa kazi za namna hiyo. Watoto wanapewa dawa maskulini, lakini mama mtu mzima anayelima anasahauliwa. Pima choo na mkojo. Ukikutwa navyo, albendazoli kwa minyoo na prazikwanteli kwa kichocho ni dawa za siku moja au chache, kutegemea utakavyoandikiwa. Ukila mchicha shamba zima na safura wamo ndani, unawalisha wao.

Muombe daktari pia kipimo cha feritini, yaani akiba ya madini chuma mwilini. Wapo watu huku kwetu wenye damu ndogo kwa sababu ya kurithi selimundu au thalasemia, na hao chuma si dawa yao.

Dada ukhti_mkoani, rozela na bitiruti ni vinywaji vizuri, lakini wekundu wake ni rangi ya mmea tu. Madini chuma yaliyomo ni machache. Mwalimu, akitaka, anywe.

Kwa muda uliouliza: chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, basi kwa chakula peke yake hesabu miezi, si wiki. Ukianza kukosa pumzi ukiwa umekaa, au damu ikashuka chini ya 8, au ukapata mimba, hapo usingoje chakula. Rudi hospitali.

mpishi_wa_kojani

Muuguzi amesema kweli tupu. Mie nataka kuzungumza sufuria, kwa sababu mwalimu ana kila kitu mezani ila kimepangwa vibaya.

Kwanza chai. Chai ya rangi ukinywa na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya madini chuma ya mboga na maharage yasiingie mwilini. Kahawa vilevile. Wewe unakunywa chai na kila mlo! Simwambii mtu wa Pemba aache chai, nakwambia isogeze. Kula, maliza, kaa saa moja au zaidi, ndipo unywe. Asubuhi kunywa maji ya ndimu na mandazi yako, chai iwe ya mapumziko pale skuli.

Pili ndimu. Chuma cha majani na kunde ni kizito kuingia mwilini, kinachokivuta ni vitamini C. Kamulia ndimu mchicha ukishaiva, usiichemshe nao, maana moto mrefu unaiharibu. Pera, embe, papai, machungwa na machenza yakija, ule palepale pamoja na mlo, sio jioni peke yake. Maji ya ubuyu nayo yana vitamini C nyingi.

Tatu, na hili watu wengi hawalijui, samaki na kuku wanausaidia mwili kuchukua chuma cha mboga iliyo kwenye sahani hiyohiyo. Kwa hiyo wasiachane. Mchicha na dagaa, kunde na kibua, mbaazi za nazi na kipande cha jodari. Dagaa wakavu wale wazima na kichwa chake, usiwakate vichwa ukavitupa. Pweza ana chuma nyingi kuliko changu au tasi. Na akina mama wakirudi pwani maji ya bamvua wamebeba chaza na kombe, nunua. Huko kwetu ndiyo mboga ya bei nafuu na ndiyo yenye chuma kweli. Chemsha mpaka ziive sawasawa, zisiwe za kuchovya tu kwenye maji ya moto. Kama maini ya ng'ombe yanakushinda, jaribu maini ya kuku, harufu yake ni nyepesi, ukiyakaanga na kitunguu thomu, pilipili manga na ndimu huenda yakapita.

Choroko, kunde, maharage, mbaazi: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya. Choroko ukiziacha zikachipua kidogo ni bora zaidi. Kuna kitu kwenye punje zake kinachoshika chuma, na kuloweka na kuchipua kunakipunguza. Mkate wa mofa nao, unga ukichachuliwa vizuri, kitu hicho kinapungua.

Na ukiwa na karai la chuma halisi, lile zito linaloshika kutu ukiliacha na maji, pikia mchuzi wa nyanya na ndimu humo. Ukali unatoa chuma kidogo kwenye karai kikaingia kwenye mchuzi. Sufuria za alumini hazina faida hiyo.

Mchicha wenyewe usiutegemee peke yake. Una chuma ndiyo, lakini una vitu vinavyokifunga. Matembele, majani ya kunde, mronge, zungusha.

mwalimu_wete

Nimesoma nikatokwa na machozi, wallahi. Hakuna aliyeniuliza habari ya bonde. Nina maswali matatu. Nikifunga, nifanyeje na chai ya futari? Na nina dawa ya tumbo ya kupunguza asidi ninayoinunua mwenyewe, inahusika? Na mwanangu wa mwisho ana miaka miwili, naye ni mweupe macho na anakula udongo. Nimpe yeye vile vidonge vilivyobaki?

muuguzi_chake

Mtoto USIMPE. Tafadhali sana. Vidonge vya mtu mzima vinaweza kumuua mtoto kwa sumu ya chuma, viweke juu asikofika.

Kuna jambo zaidi ambalo lilijulikana kutoka kisiwani kwetu wenyewe. Utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 uliwapa watoto wadogo madini chuma na foliki asidi kila siku bila kuwapima kwanza. Waliopewa wakalazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na malaria ilikuwa nyingi wakati ule. Waliopimwa na kukutwa na upungufu kweli, wakapata na matibabu ya malaria, wao walinufaika. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa sehemu zenye malaria. Kwa hiyo mpeleke kituoni apimwe damu, malaria na minyoo, kisha apewe dawa ya maji ya umri wake. Kula udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu huohuo, na udongo wenyewe unaweza kushika chuma tumboni kisiingie mwilini. Asipigwe kwa hilo, atibiwe.

Dawa ya asidi inahusika, ndiyo. Tumbo linahitaji ukali ili liyeyushe chuma cha mboga. Na ukiwa na kiungulia cha kila siku, ukaguliwe vidonda vya tumbo, kwa sababu navyo vinavuja damu. Muulize daktari, usiiache wala kuiendeleza peke yako.

Futari: fungua kwa tende na maji ya ukwaju au ndimu, kula, swali magharibi na isha, chai iwe baada ya tarawehe. Daku ndiyo hatari, watu wanakula maharage na chai ya mkupuo mmoja. Kunywa maji.

mfamasia_darajani

Naomba nami niingie, kwa heshima. Mwalimu, usiape kwamba vidonge basi. Siku hizi tunajua kwamba dozi ya kila siku huufanya mwili ufunge mlango wa kupokea chuma kwa muda, ndiyo maana wengi sasa wanashauriwa kidonge kimoja siku moja, siku ya pili wapumzike. Tumbo linapata nafuu na kinachoingia ni kingi zaidi kwa kila kidonge. Zipo pia aina nyepesi na za maji. Choo cheusi ni kawaida, usiogope. Kigumu, ongeza maji, papai na matembele. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie ukweli kwamba viliumiza, muulize kama kwako siku moja moja inafaa. Kwa 9.8 na hedhi nzito, mie nna wasiwasi chakula peke yake kitachelewa.

mvuvi_micheweni

Mke wangu alipita hapo. Kwake ilikuwa uvimbe kwenye kizazi, alikula kila aina ya mboga na damu haikupanda mpaka ulipotibiwa. Nenda kapige picha, dada yangu.

mwalimu_wete

Assalaam alaykum tena. Nimepima. Choo kimekutwa na safura, mkojo hauna kichocho, feritini ni 6. Nimepewa albendazoli. Ultrasaundi nimepangiwa wiki ijayo. Daktari amekubali nimeze kidonge siku moja moja, na cha kwanza tumbo limestahamili. Mtoto naye alikutwa na minyoo na damu ndogo, malaria hana, amepewa dawa ya maji. Chai ya mchana nimeisogeza mpaka alasiri, kichwa kiliuma siku za mwanzo lakini kimetulia. Jana nimekula choroko zilizochipua na dagaa na ndimu. Mama ameniuliza kwa nini nakwenda bondeni na mabuti, nimemueleza, naye anataka kupima.

muuguzi_chake

Feritini 6 ni akiba iliyokwisha, ikiwa chini ya 15 tayari tunasema hakuna kitu ghalani. Umefanya vyema kukubali kidonge. Pima damu tena baada ya mwezi mmoja, na hata ikifika 12 usiache palepale, akiba inataka miezi mingine mitatu hivi. Mama yako mlete apime choo na mkojo. Na majibu ya picha yakitoka, yaweke hapa au nitumie faragha, tuangalie pamoja hiyo hedhi inatibiwaje.