Kasitoma kea mnatuambia tuformati laptopu wakati DNS yenu, seva ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, ndiyo imekufa, mnatuonaje lakini?

Wakuu habari za jioni, sijaja kuomba msaada, tatizo nishalimaliza mwenyewe, nimekuja kulalamika tu na nataka watu wasome hii kabla hawajapeleka mashine kwa fundi ikafutwa kila kitu bure.

Niko Arua, Uganda, nina steshenari ndogo, kazi zangu ni kutaipu, kuskani, kujazia watu fomu ya pasipoti mtandaoni, kuwaombea TIN (namba ya mlipakodi), kutoa PRN (namba ya kulipia) ya URA, mamlaka ya mapato, vitu hivyo. Intaneti ikigoma hapa hakuna kazi, nimekaa tu nahesabu boda zinazopita. Sasa juzi nawasha laptopu, Wi-Fi imeshika, taa ya modemu kijani, bando la mwezi lipo halijafika hata nusu, Telegram inaingiza meseji vizuri kabisa, lakini kurasa zote hakuna inayofunguka, kiduara kinazunguka weee halafu Chrome inaniandikia ERR_NAME_NOT_RESOLVED. Wateja wamekaa kwenye benchi wananitazama, mmoja mzee katoka kijijini kwa ajili ya TIN tu, mwisho wamenyanyuka wakaenda kwa jirani anayetumia laini nyingine.

Nikapiga kasitoma kea. Muziki, muziki, muziki, kisha dada anapokea. Zima modemu uwashe, nimeshafanya dada. Angalia salio la bando, nimeshaangalia. Akaniuliza, "Facebook inafunguka?" Jamani! Facebook imefungwa Uganda nzima tangu Januari 2021, bila VPN, ile programu ya kupita vizuizi, haifunguki kwa mtu yeyote, sasa unaifanyaje kuwa kipimo cha laini yangu? Nikamwambia hata simu ya shemeji nikiiunganisha na modemu hii hii kurasa zinagoma, nikiirudisha kwenye laini yake ya kampuni nyingine zinafunguka, kwa hiyo laptopu yangu inahusika vipi hapo? Kimya kidogo, halafu ananijibu "basi Windows yako imeharibika, peleka kwa fundi wakuformatie". Simu ya shemeji nayo ina Windows?

Fundi naye, hajagusa hata kibodi, kataja elfu hamsini ya kuformati. Nyaraka za wateja ziko humo ndani, hajauliza kama nina bakapu. Nimeondoka na mashine yangu kwapani nina hasira mpaka nimesahau chaja kwa yule bwana, imebidi nirudi.

Na nyinyi wa mtaani msinianze na "serikali imezima" au "kebo imekatika baharini". Naelewa mnapotokea, Januari 2021 walizima kweli siku ya kuamkia uchaguzi, na Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika Afrika Mashariki nzima tukalia. Lakini njia ikikatika huko kwa namna hiyo na Telegram ingelala au ingejikokota. Ya kwangu ilikuwa inakimbia.

Mtu yeyote wa kasitoma kea angeweza kunielekeza hivi. Unafungua CMD, dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, unaandika ping 8.8.8.8, yaani unaigongea hodi seva ya Google kwa namba yake. Majibu yakirudi maana yake laini inafika nje, bando halina shida, modemu haina shida. Yangu yalirudi yote. Halafu unaandika ping google.com, hapo ikaniambia haioni hiyo hosti. Basi jibu limeshapatikana! Kompyuta inatembea kwa namba, jina la tovuti lazima kwanza seva ya DNS iligeuze kuwa namba, na anayekupangia seva hiyo usipojiwekea yako mwenyewe ni kampuni iliyokuuzia laini. Ndiyo maana Telegram ilikuwa hai, yenyewe ina namba za seva zake ndani ya programu, haihitaji kuuliza mtu.

Sikuishia hapo maana nilitaka ushahidi. Nikaingia kwenye modemu kwa 192.168.8.1, nikaona namba mbili za DNS za kampuni yao, nikaandika nslookup google.com, amri ya kuiuliza seva ya DNS namba ya tovuti, ikifuatiwa na namba ya kwanza, request timed out. Ya pili vile vile. Nikaweka 1.1.1.1, DNS ya bure ya Cloudflare, mwishoni, jibu limekuja hapo hapo. Seva zao ZOTE MBILI zimelala, halafu mimi ndiye niformati?

Kurekebisha ni kazi ya dakika chache, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bonyeza kulia kwenye Wi-Fi, Properties, IPv4, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1, kisha kwenye CMD ipconfig /flushdns ya kufuta majibu ya zamani. Kurasa zikaanza kumiminika. Kama kwako ping ya jina nayo inajibu lakini brauza ndiyo inagoma, hiyo siyo DNS, angalia kwenye mipangilio ya proksi, seva ya kati ambayo brauza hupitia, zile VPN tulizopakua enzi za OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, nyingine zimeacha 127.0.0.1, namba ya kompyuta yenyewe, humo mpaka leo. Na saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka, betri ya ubao ikiisha, tovuti zote zitakukatalia kwa sababu ya cheti cha usalama, kitaonekana hakijaanza kutumika.

Kinachoniuma ni kwamba OTT ilipoondolewa 2021 tukawekewa asilimia 12 kwenye data, tunalipa, bando linaisha muda wake hata kama halijatumika, na siku hizo lilipokuwa halina kazi hakuna anayenirudishia. Nimeomba namba ya tiketi, dada kasema "tumelipokea", namba hakunipa.

Aliye na laini hii hii Koboko, Nebbi, Gulu, popote, afanye nslookup kwa DNS za modemu yake aweke picha ya skrini hapa na tarehe ionekane. Nakusanya. Kampuni nimeshailalamikia, inayofuata ni UCC, tume ya mawasiliano, kule Bugolobi na sitaki kwenda mikono mitupu. Na yule atakayekuja kukomenti "restati modemu" tutagombana.