Klinchi badala ya kuchomelea: kwa nini viungo vyetu vinachomoka?

Fundi wa Keko:
Ndugu mafundi, salaam. Karakana yetu hutengeneza masanduku ya swichi kwa mabati yenye zinki, ambayo hadi sasa tumekuwa tukiyachomelea kwa nukta. Moto wa nukta huunguza zinki, na kwa wateja wetu wa Kigamboni, walio karibu na bahari, kutu huanzia papo hapo. Kwa hiyo tumenunua mashine ya klinchi iliyokwisha kutumika, ile ya kitufe cha mviringo, ambayo panchi yake husukuma mabati yote mawili ndani ya kalibu (kishimo cha chuma kilicho upande wa pili) mpaka yakashikana bila ribiti wala moto. Tunaunganisha bati la milimita 0.8, likiwa juu, upande wa panchi, na la milimita 1.5. Kitufe kinapendeza kwa macho, lakini nikivuta kwa koleo bati la juu linachomoka zima. Je, tuongeze mgandamizo?

Mhandisi wa Ubungo:
Usiongeze kwanza, ndugu yangu, geuza mabati. Kinachoshika ni ukingo mdogo sana ambao bati la upande wa panchi huufanya linapotanuka na kujifunga ndani ya bati la pili, na bati jembamba likiwa upande huo halina nyama ya kutosha kuufanya ukingo huo. Kwa kawaida bati nene hukaa upande wa panchi, na vilevile lile gumu zaidi. Kama bati lingekatika na kuacha kitufe chake ndani ya mwenzake, ningesema shingo, yaani ukuta wa bati hilo penye kitufe, imekonda mno. Lakini kuchomoka zima ni dalili ya ukingo haba. Kata kiungo kimoja katikati kwa msumeno wa chuma, kisugue kwa msasa laini, nawe utauona.

Fundi wa Gerezani:
Naunga mkono, na naongeza jambo ambalo wengi hulipuuza: pimeni kitako. Unene wa mabati mawili yaliyobaki chini ya kitufe hupimwa kwa mikromita yenye ncha, na kila jozi ya panchi na kalibu ina kipimo chake kilichotolewa na mtengenezaji. Kitako kikizidi kipimo, mgandamizo haukutosha. Kikipungua, shingo huanza kukonda. Sisi hupima kiungo cha kwanza kila asubuhi, na tena kila tunapobadilisha bati. Kwa kuwa mashine yenu ilikwisha kutumika, hakikisheni pia kalibu hiyo ilikusudiwa milimita 2.3 kwa jumla. Msihamie kitufe cha mstatili, kwa sababu huchana bati na kuacha kingo wazi kwa chumvi. Tena, nukta moja ya klinchi kwa kawaida hubeba mzigo mdogo kuliko nukta ya kuchomelea, kwa hiyo idadi iongezwe.

Fundi wa Keko:
Ahsanteni sana. Nimegeuza mabati na kukata viungo viwili, cha zamani na kipya. Katika kile cha zamani ukuta wa kitufe umeshuka wima kabisa. Katika kipya kuna kijipinda chembamba kama ukucha wa mtoto, na koleo limeshindwa kukichomoa. Kesho naazima mikromita.