Uliyeniuzia zinki za baharini kwa boti ya Mtera, nirudishie hela yangu!

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira.

Nina boti ya chuma bwawani Mtera, inabeba samaki kutoka madagoni (kambi za wavuvi) hadi barabara ya Dodoma–Iringa. Pleti ya milimita 3, hela ya zabibu misimu miwili yote imeishia humo. Kabla ya kuishusha majini niliulizia dawa ya kutu, nikaelekezwa duka moja Dar. Muuzaji akanipa vipande vinne vya zinki, laki tatu na ishirini. "Kaka, hizi ndizo wanafunga kwenye meli." Nikamwambia mara mbili boti ni ya Mtera. MTERA, maji baridi yale! Akajibu maji ni maji.

Kila tukiipandisha, fundi anazipapasa anashangilia: "Ona bosi, bado mpya!" Na mimi mjinga nafurahi.

Mwezi uliopita maji yakaanza kuingia. Tumeivuta nje, tumekwangua rangi karibu na propela: vishimo vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Kimoja nikakigusa kwa bisibisi, ikazama hadi ndani. Sikutumia nguvu, wakuu.

Aliyenifumbua macho ni fundi meli wa Mwanza aliyekuja msibani kwa shemeji yake. Akauliza zinki zina muda gani. Miaka mitatu. Akacheka. "Na hazijaliwa? Basi hazijafanya kazi hata siku moja."

Kumbe kipande kile kazi yake ni kufa! Kama zinki iliyo kwenye mabati ya nyumba: bati likikwaruzwa, zinki inaliwa kwanza, chuma kinapona. Ulinzi huo unapita majini kama umeme mdogo. Baharini chumvi inapitisha umeme vizuri, zinki inatosha. Maji baridi yanapitisha kwa shida, na zinki yenyewe inajivika gamba jeupe, inalala usingizi. Huku inatakiwa magnesiamu, ina msukumo mkubwa zaidi. (Nayo msiipeleke baharini, italiwa upesi kama kashata.) Kwangu mlinzi kalala, na propela ya shaba inamaliza pleti taratibu, maana shaba na chuma vikiungana majini kinacholiwa ni chuma.

Na wewe fundi usicheke. Vipande viwili vya zinki ulivipaka rangi "vipendeze"! Cha tatu ukakifunga kwa bolti juu ya rangi, hakigusi chuma popote. Hata ingekuwa magnesiamu ingefia hapo hapo bila faida.

Nimempigia muuzaji. Eti hela hairudi, bidhaa imeshatumika. IMETUMIKA WAPI? Nimezipima kwa mizani ya samaki, uzito ni ule ule niliobeba kutoka dukani kwako!

Mwenye kujua zinapopatikana magnesiamu za kuchomelea kwenye boti aniambie, hata Mwanza nitafuata. Boti iko mchangani, na wavuvi huko madagoni wananipigia simu tangu alfajiri.