Ushauri: nalinganishaje bia nyeupe za Ubelgiji bila upendeleo?

Mtanga_Leuven
Wakuu habari zenu. Niko Leuven, Ubelgiji. Jumamosi nina wageni nyumbani na nimeshawatangazia kwamba tutaonja bia za ngano, zile nyeupe zenye ukungu. Nimenunua aina nne: Hoegaarden, St. Bernardus Wit, Blanche de Namur na Vedett Extra White. Nataka mtu asijue anakunywa ipi mpaka kura zihesabiwe. Je, nianze na ipi? Ubaridi uwe kiasi gani? Na yale mashapo ya chini ya chupa, yanamwagwa au yanachanganywa? Usingizi sipati kwa sababu ya jambo hili. Wajuzi nisaidieni.

Kibosho_Juu
Kukosa usingizi kwa bia ambayo hata haijafunguliwa! Mkuu, kwetu mbege haina kura. Ndizi zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, kimea cha ulezi kinaingia, gome la msesewe linatia uchungu, siku ya kunywa mwenye nyumba anapiga funda la kwanza mbele ya watu wote ili waone hajaweka kitu. Babu yangu alikuwa akishaonja anafumba macho, halafu anataja ni mama gani kaipika. Hakukosea hata mara moja. Siku moja walimletea mbege ya kijiji cha jirani wakidhani watamkamata...

Mtumishi_Ubungo
Babu tutamsikiliza siku nyingine. Mdogo wangu wa Leuven, umekwenda Ulaya kutafuta maisha au kutafuta mashapo? Andaa juisi. Wageni wanaokupenda watakunywa juisi.

PovuLaJuu
Nimjibu mleta mada alichouliza. Nipo Antwerp na hizi bia nazipenda kutoka moyoni.

Kosa linaloharibu meza nyingi ni baridi kali. Hoegaarden hupendekezwa inywewe karibu na nyuzi 3, na kwa kiu ya kiangazi ni sawa kabisa. Kwa kulinganisha, hapo ulimi unakuwa umekufa ganzi. Zitoe kwenye friji mapema zifike nyuzi 6 mpaka 8, zote kwa pamoja, maana ikiwa moja ni baridi kuliko wenzake utakuwa unapima friji.

Mashapo yanachanganywa. Sehemu ya ule weupe ni hamira na protini ya ngano, ukiiacha chini ya chupa umeonja nusu ya bia. Mimina theluthi mbili, zungusha chupa, malizia. Fanya hivyo kwa zote nne.

Glasi ziwe za aina moja. Ile ya pembe sita ya Hoegaarden iache kabatini, inajitaja yenyewe. Anayemimina awe jikoni na asionje. Kilevi hakipishani sana kwa asilimia: Namur 4.5, Vedett 4.7, Hoegaarden 4.9, St. Bernardus 5.5, kwa hiyo si lazima uanze na nyepesi; kila mgeni apewe mpangilio wake tofauti ili bia ya kwanza isibebwe na kiu. Mkate usio na chumvi, maji, na asiwepo mtu mwenye manukato.

Wanuse kwanza. Ngano isiyooteshwa kimea ndiyo inayoleta ule ulaini wa mdomoni, mbegu za giligilani na maganda ya machungwa ya Curaçao yanaleta harufu. Ukisikia ndizi mbivu na karafuu kwa nguvu, hiyo ni tabia ya bia za ngano za Ujerumani, ambako hamira peke yake inafanya kazi hiyo bila kiungo chochote.

MtotoWaLubumbashi
Mimi niko Liège. Mambo mengi ya nini? Kata kipande cha limau, tupia ndani, kila bia inakuwa tamu. Hapa kila mgahawa wanafanya hivyo.

PovuLaJuu
Jumamosi nyingine ndugu yangu, kwa bia nyingine. Limau linaua povu na linafunika giligilani. Zote nne zitanukia limau.

BintiKarafuu
Mimi nina swali moja tu. Wageni ni akina nani? Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya majirani.

Mtanga_Leuven
@PovuLaJuu asante sana, nimenakili kila neno. @BintiKarafuu ni watu wa kawaida tu, familia ya mchumba wangu.

BintiKarafuu
Familia ipi? Mama? Kaka? Sema yote kaka, tusitoane meno kama daktari.

Mtanga_Leuven
Baba yake. Mzee ni mzaliwa wa Hoegaarden, kijiji chenyewe, kule karibu na Tienen. Kwake bia nyeupe ni moja, hizo nyingine anaziita maji ya ngano. Na marehemu Pierre Celis, mzee alimfahamu kwa macho yake, si kwa kusimuliwa. Harusi ni Juni. Kwa hiyo nataka apige kura bila kuona chupa, basi.

PovuLaJuu
Kumbe! Sasa naelewa usingizi umekwenda wapi. Kwa wasiojua: bia hii ilikuwa imekufa. Kiwanda cha mwisho cha bia nyeupe pale Hoegaarden kilifungwa miaka ya 1950. Celis, aliyekuwa muuza maziwa, ndiye aliyeifufua mwaka 1966. Bila yeye hizo nne zote zisingekuwa mezani kwako. Kwa watu wa kijiji kile ni jambo la damu. Mwaka 2005 kampuni mama ilipotangaza kuhamishia utengenezaji Jupille, kule Liège, watu walipinga vikali, na mwaka 2007 uamuzi ukabadilishwa. Huyo mzee usimfanyie mtihani kwa mzaha.

Kibosho_Juu
Kama babu yangu. Nirudi kwenye ile mbege ya kijiji cha jirani...

Shemeji_wa_Wote
Ngoja babu. Mkuu, mbona unataka baba mkwe apige kura? Ungetaka amani ungemnunulia Hoegaarden yake, mambo yakaisha. Kuna kitu umekificha chini ya mkeka.

Mtanga_Leuven
Sawa. Bia ya harusi nimeshaagiza. St. Bernardus Wit, kreti 30, na nusu ya bei nimelipa. Mchumba anajua, baba yake hajui. Lakini wakuu, sherehe naigharamia mimi, na nimeonja kwa muda mrefu kabla ya kuchagua. Ile ina mwili zaidi, machungwa yanakaa ulimini, haipotei mbele ya nyama. Sijadharau kijiji cha mtu. Nikimpa kura ya siri na akaichagua mwenyewe, Juni hakuna ugomvi.

BintiKarafuu
Na asipoichagua?

Mtanga_Leuven
Ataichagua.

Mtumishi_Ubungo
Ndoa inayoanza na siri ya kreti 30. Nimesema juisi tangu mwanzo.

Mpelelezi_wa_Nyuzi
Samahanini jamani, hii ni chai, tena ya rangi. Mleta mada kajiunga wiki hii. Kaja anajifanya hajui kitu, mara ghafla "machungwa yanakaa ulimini". Mtu aliyekuja kuuliza mashapo yanamwagwa wapi! Halafu mkwe alimfahamu mtu aliyefufua bia 1966, leo awe na binti wa kuolewa? Pigeni hesabu. Huyu ni dalali wa bia, mnamtangazia biashara bure.

MtotoWaLubumbashi
Eee! Na mimi niliona limau langu limekataliwa haraka sana.

Shemeji_wa_Wote
Weka picha ya risiti ya kreti, ficha jina la muuzaji. Bila picha uzi ufungwe.

Mtanga_Leuven
Risiti siweki, ina anwani yangu. Hesabu hii hapa. Celis hakufa 1966. Kiwanda chake kiliungua mwaka 1985, mkwe wangu alikuwa kijana wa shule, alisimama barabarani akiutazama moto. Mchumba wangu kazaliwa baada ya hapo, shida iko wapi?

Na kuhusu kujua, kunywa najua, kuandaa meza ya kura sijui. Ni vitu viwili. Mzee ndiye aliyenifundisha kunywa. Chupa haitikisi. Anailaza mezani, anaiviringisha chini ya kiganja taratibu kama chapati, anaisimamisha, anasubiri, ndipo anafungua. Glasi anaisuuza kwa maji ya baridi na hafuti, anasema kitambaa kinaua povu. Anamimina mpaka povu linakuwa jeupe pee, anaweka glasi dirishani aone mwanga unavyopita, halafu ananusa mdomo ukiwa umefungwa. Haongei na mtu mpaka funda la pili. Huyo ndiye mtu ninayemwandalia kura. Nikikosea ubaridi kwa nyuzi mbili atajua, na atajua nimefanya makusudi.

PovuLaJuu
@Mpelelezi, mimi namwamini. Kuviringisha chupa mezani ni kweli, na kusuuza glasi bila kufuta ni kweli, watu wa huku wanafanya. Dalali angeanza na bei.

Sasa mkuu, nisikilize vizuri, maana nadhani hujui ulichonunua. Kiwanda cha St. Bernardus kiko Watou, mwisho kabisa wa Flanders Magharibi, kwenye ardhi ya hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu. Ile Wit yao Celis mwenyewe alishiriki kuitunga. Alikuwa ameshauza kiwanda cha kijijini, akaenda Austin, Texas, akafungua kingine mwaka 1992, kisha akarudi nyumbani, na kazi ya Watou ni ya baada ya hapo. Alifariki 2011. Hiyo bia uliyoificha ni mkono wa mtu yule yule ambaye mkwe wako anamheshimu. Huna sababu ya kumvizia. Mwambie kabla ya kuonja.

Mtanga_Leuven
Hili sikulijua kabisa. Mikono inatetemeka hapa.

Lakini kabla simwambii. Nikimwambia kabla, ataipigia kura heshima ya marehemu. Nataka aipigie bia. Kura zikishahesabiwa, yoyote itakayoshinda, nitamwekea chupa ya Watou mkononi nimweleze habari za Celis, na hapo hapo nimwambie nimeshaagiza. Agizo halifutwi.

BintiKarafuu
Wewe ulishaamua kabla hujafungua uzi. Angalau ongeza kreti kumi za Hoegaarden kwa meza ya wazee. Yeye na rafiki zake wa kijijini wakae na bia yao, bwana harusi na yake.

Mtanga_Leuven
Kreti kumi nyingi. Tano.

Mpelelezi_wa_Nyuzi
Mimi bado naona mvuke wa chai. Jumamosi tupe mrejesho, na picha ya glasi dirishani, uso wa mzee usionekane.

Kibosho_Juu
Babu aliitaja. Mbege ya jirani aliitaja mpaka jina la mama aliyepika. Nilitaka tu mjue.

MtotoWaLubumbashi
Chupa zitakazobaki usimwage. Nunua kome kilo mbili, kaanga kitunguu na figili ya majani kwa siagi, mimina bia nyeupe, funika mpaka kome wafunguke. Huku wanakula na chipsi. Hapo limau linaruhusiwa, @PovuLaJuu?

PovuLaJuu
Hapo linaruhusiwa. Ila tumia Blanche de Namur, ni nyepesi, haitapigana na kome.